Mkaguzi Si Mgeni

Mshonaji alikuwa na cherehani moja, mume mmoja, watoto wawili, mama mkwe mmoja, na sinki moja la jikoni lililokuwa linamtoa roho.

Asubuhi ile alikuwa anashona sare za shule. Mumewe, dereva wa gari la mikate, alikuwa ameshaondoka kabla jua halijachomoza. Watoto walikuwa shuleni. Mama mkwe wake, ambaye jengo zima lilimwita Bibi, alikuwa amekaa jikoni akichambua maharage kwenye sinia. Ghorofa ya juu mtu akafungulia maji. Mara sinki likaguna.

"Linaguna," Bibi akasema.

"Nimelisikia, Mama."

"Linakuja."

"Najua linakuja."

Na kweli likaja. Maji meusi yenye mafuta yalipanda kutoka kwenye tundu la sinki, yakajaa, yakamwagika sakafuni. Ndani yake mlikuwa na wali wa watu wengine, majani ya chai ya watu wengine na maganda ya vitunguu ya watu wengine. Mshonaji aliacha cherehani, akachukua ndoo na tambara, akaanza kupiga deki.

"Wanasema maji yakimwagika hayazoleki," Bibi akasema, akiwa ameinua miguu yake juu ya kigoda. "Waje waone sisi tunavyoyazoa."

Jengo lao lilikuwa la ghorofa nne, moja kati ya nyumba za kupanga za manispaa. Kodi yake ni ya chini na watu wanaokaa humo ni wa kazi za kawaida. Maji machafu ya majiko yote ya upande ule yalishuka kwenye bomba moja, likapita chini ya uwanja hadi barabarani. Bomba likiziba huko chini, watu wa juu hawajui lolote. Wanaosha vyombo, maji yanapotea, wanaendelea na maisha. Wa chini ndio wanaoyapokea.

Na familia hii haikuweza kuhamia juu, kwa sababu magoti ya Bibi hayakutaka habari ya ngazi.

Wakati wa mvua zilizopita Bibi aliteleza kwenye maji hayo akaumia nyonga. Hakuvunjika, lakini tangu siku hiyo alitembea na fimbo. Tangu siku hiyo pia, dada wa mume, yaani wifi yake Mshonaji, alikuwa na neno moja tu mdomoni.

"Mvua zikianza tena, namchukua Mama," Wifi alisema kwenye simu. "Sitasubiri mpaka avunjike. Kwangu ni pakavu."

"Wifi, hata mimi nataka pawe pakavu," Mshonaji alijibu. "Unadhani napenda kuishi bwawani?"

"Sijasema unapenda. Nimesema namchukua."

Mumewe alipoulizwa, alikuna kichwa. "Dada ana haki, mke wangu. Akianguka tena tutasema nini?"

Hilo ndilo lililomuudhi Mshonaji zaidi. Wifi hakuwa mtu mbaya. Nyumba yake ilikuwa nzuri, ina uzio na vigae, lakini ilikuwa mbali sana, na kutwa nzima haikuwa na mtu.

"Nitaongea na nani huko?" Bibi aliuliza. "Na friji?"

Hapa jengoni Bibi alikuwa na dirisha lake. Kila aliyeingia au kutoka alisimama hapo, akamsalimia, akamwachia habari. Bibi alijua nani anaumwa na nani ameajiriwa. Kumtoa kwenye dirisha lile kulikuwa sawa na kumng'oa.

Usidhani Mshonaji alikaa kimya. Alikwenda ofisi ya makazi mara nyingi mpaka mlinzi wa getini akawa anamuulizia hali ya watoto. Alipanga foleni, akafika mezani, akasema sinki limeziba. Akaambiwa, "Tutamtuma fundi." Fundi alikuja na waya wake mrefu. Aliuingiza kwenye tundu, akauzungusha, akasukuma, maji yakashuka kwa kishindo. Fundi akanawa mikono, akasema, "Tayari, mama." Ofisini wakaandika kwamba tatizo limekwisha. Baada ya siku chache sinki likaguna.

Jirani wa mlango wa pili, naye wa chini, alikuwa na shida ileile. Naye alikwenda ofisini kivyake, siku yake, na hasira yake. Fundi akaja, waya ukaingia, tayari, mama. Hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake, "Twende pamoja." Watu walikutana koridoni wakilaani ofisi, halafu kila mmoja akafunga mlango wake.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa lilikuwa hili la mkaguzi, na ukilisikia utashika kichwa.

Kila baada ya miezi kadhaa ofisi ilimtuma mkaguzi aje kutazama hali ya jengo. Tangazo lilibandikwa mlangoni wiki moja kabla. Na hapo jengo zima liliingiwa na wazimu. Watu waliosahau hata kutoa taka zao walitoka na ndoo. Ngazi zilioshwa. Koridoni palipigwa deki mara mbili. Jikoni kwa Mshonaji, Bibi alikuwa ndiye amiri jeshi.

"Futa pale kwenye kona. Weka lile zulia kwenye alama ya maji. Fungua madirisha harufu itoke. Mgeni anakuja."

Na watu wa juu waliombwa, bila kuelezwa kwa nini, wasifungulie maji mpaka mgeni aondoke. Wakakubali wote. Jengo ambalo halikuweza kukubaliana hata juu ya mahali pa kuanika nguo, kwa hili liliungana kama ngumi.

Mkaguzi aliingia akakuta sakafu inang'aa. Alipewa kiti, akapewa chai na biskuti. Alikunywa, akatazama huku na huku, akasema, "Kwa kweli nyinyi mnaishi vizuri." Bibi akatabasamu mpaka jioni. Kesho yake maji yakarudi, na watu wakarudi kuilaani ofisi kwa sababu haijali.

Sasa niambie wewe unayesoma. Ofisi ingejuaje?

Siku moja alikuja mteja mpya kupunguza urefu wa gauni lake la kazi. Alikuwa mkunga wa hospitali, amehamia ghorofa ya pili juzijuzi.

"Shikamoo, Bibi," alisema akiingia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Usisimame hapo, sogea huku pakavu."

Mkunga alikuwa hajaelewa maana ya pakavu, sinki likamweleza. Alitazama maji yakipanda, yakimwagika, yakifuata mteremko wa sakafu hadi kwenye miguu ya cherehani. Mshonaji alikuwa ameshashika ndoo.

"Hii ni kila siku?" Mkunga akauliza.

"Siku nyingine hulala."

"Na ofisi wanasema nini?"

"Wanatuma fundi na waya."

"Na mkaguzi je? Nimeona tangazo kwamba anakuja tena. Alipokuja mara ya mwisho alisema nini?"

"Alisema tunaishi vizuri."

Mkunga akageuka. "Aliyaona maji haya akasema mnaishi vizuri?"

"Hakuyaona," Mshonaji alijibu. "Tulikuwa tumeshayafuta."

Mkunga akatazama ndoo. "Mliyafuta."

"Sasa mgeni anakuja, dada, tufanyeje? Tumkaribishe kwenye uchafu?"

"Na watu wa juu hawakufungulia maji?"

"Tuliwaomba wasifungulie. Ni watu waungwana."

Mkunga akavuta kigoda akaketi. "Mwenzangu, hebu nikuulize. Mtu akija hospitali anaumwa tumbo, daktari akamuuliza unaumwa wapi, naye akasema siumwi popote, ahsante, habari za nyumbani. Atapona?"

"Hatapona."

"Mficha uchi hazai. Na mimi ni mkunga, najua ninachosema."

Bibi alicheka, lakini Mshonaji hakucheka. Alikuwa amechoka. "Basi tuambie wewe la kufanya. Mimi nimeshakwenda ofisini mpaka viatu vimeisha."

"Ulikwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Ukasema nini?"

"Sinki langu limeziba."

"Ndiyo maana wakazibua sinki lako," Mkunga akasema. "Ulichosema ndicho walichofanya. Hukusema bomba la jengo ni bovu, na majirani zako hawakusema pamoja nawe. Kule nilikokuwa nakaa zamani tulikuwa na ujinga huohuo, ila wetu ulikuwa wa taa. Mwishowe tukajifunza. Mpangaji ana njia nyingi za kusikika, lakini lazima azitumie. Tulichagua watu wa kutuwakilisha, mmoja kwa kila ghorofa. Tukaomba wawakilishi wetu watembee pamoja na mkaguzi. Tukahudhuria mikutano ya wapangaji na kuuliza maswali. Ofisi ilipotaka maoni yetu tulisema ukweli, hatukusema tunashukuru."

"Sisi hapa hatuna mikutano," Mshonaji alisema.

"Mnayo. Tangazo liko pale mlangoni, chini ya tangazo la godoro linalouzwa."

"Lile? Nilidhani lote ni la godoro."

Sasa Bibi akauliza swali moja. "Mwanangu, mvua zikianza nitahamishwa. Hayo mambo yenu ya wawakilishi yatawahi?"

"Sijui, Bibi," Mkunga akajibu. "Ila najua kufuta hakutawahi."

Jumapili iliyofuata walikutana koridoni, ghorofa ya chini, ili Bibi asipande ngazi. Wakaja watu wengi kuliko ilivyotarajiwa, wengine kwa kutaka kujua tu kuna nini. Alikuja pia kinyozi wa ghorofa ya tatu. Huyu watu walimpa jina la Bwana Haiwezekani, na hakukasirika kwa sababu alijua amelitolea jasho.

Mshonaji alieleza shida ya maji. Mkunga akaeleza habari ya wawakilishi na kutembea na mkaguzi.

"Haiwezekani," kinyozi akasema.

"Kwa nini?" Mkunga akauliza.

"Ofisi haisikilizi watu."

"Umewahi kuwaambia?"

"Nitawaambiaje na hawasikilizi? Tena mimi sinki langu ni zima. Maji yakimwagwa yanakwenda zake."

Bibi akagonga fimbo sakafuni. "Yanakwenda wapi, baba?"

"Yanakwenda huko yanakokwenda."

"Huko ni jikoni kwangu. Juzi usiku ulikula maharage. Hukuyachambua vizuri, mlikuwa na vijiwe."

Watu wakacheka mpaka koridoni pakalia. Kinyozi alicheka kidogo kwa aibu, halafu akatazama chini. "Bibi, mimi sikujua," akasema.

"Hakuna aliyejua, kwa sababu tulikuwa tunakufutia," Mshonaji alisema, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Tunawafutia nyinyi, tunaifutia ofisi, tunamfutia mkaguzi. Mimi mikono yangu ni ya kushona. Na mvua zikianza mama yetu anaondoka hapa. Mnataka mpite pale dirishani mumsalimie nani?"

Hapo hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa ghorofa ya kwanza akasema yeye humwaga mafuta ya kukaangia kwenye sinki, na kuanzia leo ataacha. Mwingine akakiri kwamba humwaga makombo. Mkunga akawaeleza kwamba mafuta yakipoa ndani ya bomba huganda, na makombo hunasa hapo. Wakakubaliana kumwaga vitu hivyo kwenye taka.

"Lakini hilo peke yake halitoshi," Mkunga akasema. "Jengo letu tu ndilo linalofurika, na watu wa majengo mengine nao wanakaanga. Chini kuna kitu."

Wakachagua wawakilishi. Ghorofa ya chini walimtaka Bibi. Bibi akakataa, akasema mzee haendi kubishana na maofisa. Wakamchukua Mshonaji. Ghorofa ya kwanza wakasema watasemewa na huyohuyo Mshonaji. Ghorofa ya pili walimtaka Mkunga. Ghorofa ya tatu walimchagua Bwana Haiwezekani, kwa hoja kwamba mtu wa kukataa kila kitu bora akakatalie mbele ya ofisi.

Halafu likaja azimio gumu kuliko yote. Siku ya mkaguzi hakuna kufuta. Na maji yafunguliwe kama siku nyingine.

"Hakuna kufuta kabisa?" mtu akauliza, kama aliyeambiwa atoke nje bila nguo.

"Kabisa," Mkunga akajibu.

Mshonaji na Mkunga walikwenda ofisini pamoja. Walisema wanataka wapangaji watatu watembee na mkaguzi. Ofisa aliyekuwa mezani aliwatazama.

"Inaruhusiwa," akasema. "Ipo kwenye utaratibu wetu. Ila hapa hajawahi kuja mtu kuomba."

"Nanyi hamkuwahi kutuambia kwamba inaombwa," Mshonaji akasema.

Ofisa akaandika majina yao.

Siku ya ukaguzi ilifika. Kulipokucha Mshonaji aliamka, akasikia sauti jikoni. Alikwenda akamkuta Bibi ameinama, fimbo ameiegemeza mezani, anapiga deki. Magoti yake yalikuwa yanatetemeka. Nusu ya sakafu ilikuwa tayari inang'aa.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafuta kidogo tu."

"Tulikubaliana."

"Mlikubaliana nyinyi. Mimi nilinyamaza."

Mshonaji alihisi hasira inampanda mpaka masikioni. "Mama, kwa nini unanifanyia hivi? Unataka kwenda kwa wifi?"

"Sitaki."

"Basi acha hilo tambara."

Bibi hakuliacha. Alilishika kwa mikono miwili. "Nimelea watoto katika vyumba vibovu kuliko hiki," akasema. "Hakuna mtu aliyewahi kuingia kwangu akakuta uchafu. Hakuna. Leo uzeeni mwanamume mgeni aingie aone kinyesi cha mabomba jikoni kwangu? Atanionaje? Atasema yule bibi ni mchafu."

Mshonaji aliona kwamba mama mkwe wake analia, na hasira ikamwisha. Alichuchumaa kando yake, kwenye maji.

"Mama, uchafu huu si wako. Ni wa jengo zima, na bomba ni la ofisi. Wewe umeubeba tu. Ukiendelea kuuficha utakuwa wako."

"Mgeni ni mgeni."

"Huyu si mgeni. Mgeni anakuja kukusalimia. Huyu ametumwa kazini, na kazi yake ni kuona. Ukimfutia unamnyima kazi yake. Anarudi ofisini mikono mitupu, nawe unafungiwa mizigo."

Nje magari yalianza kupita. Mwishowe Bibi akaachia tambara.

"Chai nitampa," akasema. "Hilo msinikataze."

"Mpe chai, Mama. Mpe na biskuti."

Mkaguzi alifika akiwa na kalamu sikioni. Mkunga, Mshonaji na Bwana Haiwezekani walimpokea mlangoni. Alishangaa kidogo, akasema haya, twendeni. Walianza juu. Wakamwonyesha taa za ngazi zisizowaka na reli inayolegea. Naye aliandika. Kisha wakashuka chini, na kinyozi akabaki kwake kuosha vyombo, kama anavyoosha kila siku saa hizo.

Jikoni Bibi alikuwa ameketi wima, amevaa nguo zake nzuri, miguu juu ya kigoda, chai mezani.

"Karibu, baba," akasema. "Kaa."

Mkaguzi akakaa. Akanyanyua kikombe. Sinki likaguna.

"Nini hicho?" akauliza.

"Ni jirani yetu anaosha vyombo," Bibi akamjibu. "Kunywa chai."

Maji yakapanda, yakamwagika, yakasambaa. Hakuna aliyenyanyua ndoo. Mshonaji alijishika mikono nyuma, maana ilikuwa inakwenda yenyewe. Viatu vya mkaguzi vililowa, kisha soksi. Aliweka kikombe chini polepole.

"Hii imeanza lini?"

"Ipo siku zote," Mshonaji alisema.

"Haiwezi kuwa siku zote. Mimi nimekaa hapahapa kwenye kiti hiki. Palikuwa pakavu."

"Tulikuwa tunafuta kabla hujaja."

"Mlikuwa mnafuta." Mkaguzi alijifuta uso kwa kiganja. "Mama zangu, kila nikitoka hapa naandika jengo hili halina tatizo. Naandika kwa mkono wangu. Mwaka huu ofisi ilipanga kuchimba mabomba mabovu. Nilipoulizwa kuhusu nyinyi nikasema hapana, wale wako salama."

Sinki likatulia.

"Na mafundi waliokuja?" Mkunga akauliza. "Si mlikuwa mnawatuma nyinyi?"

"Kila safari ilihesabiwa peke yake. Sinki la huyu limezibuliwa. Sinki la yule limezibuliwa. Hakuna aliyekaa akatazama yote pamoja." Akainua mguu mmoja, akautikisa. "Na hilo ni kosa letu. Siwezi kulitupa kwenu."

Mnaweza kufikiri mambo yakaisha hapo. Hayakuisha. Kwenye mkutano wa wapangaji meneja wa ofisi alisimama akasema amepata suluhisho. Fundi mwenye waya atakuja kila mwezi, hata asipoitwa.

Mshonaji alisimama. Hakuwa amezoea kusema mbele za watu, lakini uchovu nao humpa mtu ulimi. "Mheshimiwa, sitaki fundi aje mara nyingi. Nataka asije. Chimbeni mtazame bomba."

"Kuchimba ni kazi kubwa, mama."

"Kufuta nako ni kazi kubwa. Njoo tubadilishane."

Bwana Haiwezekani naye akasimama. Akaomba jambo lingine. Fundi asiruhusiwe kusema tayari peke yake. Mpangaji akae na sinki lake kwa wiki, alitumie, ndipo aseme mwenyewe kama limepona. Meneja akasema hilo haliwezekani. Kinyozi alimtazama kwa uso wa mtu aliyeibiwa.

"Linawezekana," akasema. "Niambie ni nani wa kumpigia simu."

Akapewa namba, na kuanzia hapo akapiga. Alipiga asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake, akapiga mchana akiwa amemwacha mteja amenyolewa upande mmoja. Mkunga alifuatilia kumbukumbu za mkutano. Mshonaji alipitia nyumba za chini zote na kuwaleta wenzake waseme kwa kinywa kimoja. Mwishowe ofisi ikachimba uwanja, labda ili simu zipungue.

Bomba lilikuwa limebonyea chini ya mahali ambapo malori ya taka huegesha, limekuwa bapa kama soli ya kiatu. Waya wa fundi ulikuwa unatoboa kijitundu, kijitundu kinaziba. Liliwekwa bomba jipya, pana zaidi. Ilijengwa pia chemba, yaani shimo lenye mfuniko, ili fundi aweze kuona ndani bila kubahatisha. Malori yalitafutiwa mahali pengine. Na lile ombi la wiki moja la kujaribu likapitishwa. Sasa kazi ya fundi haihesabiki kuwa imekwisha mpaka mpangaji aseme imekwisha.

Mvua zikaanza. Zilinyesha mfululizo, na jikoni kwa Mshonaji sakafu ilibaki kavu. Alikuwa akishona huku sikio moja liko kwenye sinki, na sinki halikusema kitu.

Wifi naye alikuwa mtu wa ahadi. Alifika Jumamosi na gari, amelowa, amekunja uso. "Nimekuja kumchukua Mama," akasema mlangoni. Aliingia jikoni, akainama, akapapasa sakafu kwa kiganja. Akafungulia bomba la maji, akasubiri. Maji yakashuka yakapotea.

"Pakavu," akasema, kana kwamba amedanganywa.

"Pakavu, wifi."

"Na Mama yuko wapi?"

"Yuko mkutanoni, hapo kwenye ukumbi wa ofisi ya makazi. Mimi nilishindwa, nina sare za watu. Amekwenda yeye kwa niaba ya ghorofa ya chini."

"Mama yangu? Si aliniambia kwenye simu kwamba mzee habishani na maofisa?"

"Alisema. Twende ukamwone."

Walimkuta Bibi amekaa kiti cha mbele, fimbo magotini. Meneja wa ofisi alikuwa amesimama mbele yake na jasho usoni. Bibi alikuwa anamuuliza taa za ngazi zilizoandikwa na mkaguzi zitawaka lini, na meneja alikuwa anajibu hivi karibuni, na Bibi alikuwa anasema hivi karibuni haimo kwenye wiki, taja siku. Wapangaji nyuma walikuwa wanachekea mikononi.

Wifi alipita katikati ya viti akamwinamia sikioni. "Mama, nimekuja kukuchukua. Gari liko nje."

Bibi hakugeuka. Alimpapasa mkono mwanawe, akaushika.

"Kaa hapo nyuma, mwanangu," akasema. "Sasa tuko kwenye taa. Wewe utasikilizwa kwenye mengineyo."

Wifi alisimama kidogo, akamtazama meneja, akamtazama mama yake. Kisha akavuta kiti, akakaa.